Bara kama 9, Zanzibar 19.7: hizi kazi zinaishia wapi?

#1 Mkaazi_wa_Gando
Assalaam alaykum. Nimelala na namba hizi kichwani, nimeamka nazo. Utafiti wa nguvukazi wa 2020/21 unasema ukosefu wa ajira Zanzibar ni asilimia 19.7. Ule wa 2014 ulisema 14.3. Bara mwaka 2014 walikuwa 10.3, na 2020/21 wakashuka hadi kama 9 hivi. Wenzetu wanateremka ngazi, sisi tunapanda, na ngazi yenyewe si ya kheri.

Kinachonitatiza ni watalii. Mwaka 2024 wameingia zaidi ya laki 7. Sisi wote, Unguja na Pemba, kwa sensa ya 2022 ni 1,889,773. Ni kama mgeni mmoja kwa kila wenyeji wawili na nusu. Huyo mgeni anapikiwa na nani? Shuka zake anafua nani? Mimi nina diploma, mdogo wangu ana digrii, na sote tuko baraza moja hapa Gando, Pemba, tunagombania kete za bao. Wenye kujua watueleze.

#2 Papasi_Mstaafu
Shuka zinafuliwa na mashine. Swali jengine.

#3 Mtoto_wa_Ngambo
19.7 ya nini, semeni ukweli, ni asilimia 27! Na sababu ni moja tu, kujuana. Nimepeleka barua sehemu 14, usaili nimeitwa mara 2, na mara zote mbili nimekuta mtu keshapewa kiti, tunapoteza nauli tu. Wapemba hujuana kwa vilemba, lakini siku hizi na Waunguja wamenunua vilemba.

#4 Maalim_Hesabu
Mtoto wa Ng'ambo, usichanganye mitungi. 27.4 ni ya vijana wa miaka 15 hadi 35. 19.7 ni ya wote. Kwa vijana nako tumepanda, 2014 ilikuwa 21.3.

Sasa kwa mwenye uzi. Unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Bara ni mashamba. Mtu wa kijijini akiamka na jembe, huyo kwenye vitabu ana kazi, hata kama mwaka mzima hakuona noti. Sisi ni mji wenye mashamba pembeni. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, ambao ni asilimia 47 ya Zanzibar nzima. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tuweke na Dar es Salaam. Mwaka 2014 Bara nzima ilikuwa 10.3, lakini Dar ilikuwa 21.5. Sisi mwaka huohuo 14.3. Kwa hiyo tulikuwa afadhali kuliko Dar.

Na kama mnashangaa kwa nini takwimu ya taifa haisikii maumivu yetu, sisi ni asilimia 3 tu ya Watanzania wote milioni 61.7. Chukua 9 ya Bara, ichanganye na 19.7 yetu kwa uzito huo, unapata kama 9.3. Tumeongeza nukta tatu tu, yaani 0.3. Ni kijiko cha chumvi ndani ya pipa.

#5 Papasi_Mstaafu
Maalim kastaafu ubao, ubao haujamstaafu.

#6 Bi_Taitai
Salaam. Mie ni mkulima wa mwani, Jambiani, tangu naolewa. Maalim ukisema "huyo ana kazi" unanichekesha. Kwani mie nnayo kazi au sinayo?

Bamvua likija, maji yakitoka sana, tunaingia baharini na vigingi na kamba, tunafunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, maji yakijaa tunatoka. Maji mafu hakuna kitu, tunakaa. Kwa hiyo mwezi mzima nusu nafanya, nusu sifanyi. Mwani wenyewe siku hizi maji yanakuwa moto, unageuka mweupe, unakatika, unakwenda zake. Ile aina ya kotonii yenye bei nzuri huku kwetu imetushinda, tumebaki na aina ya spinosi. Kuna mwaka nimeuza kilo shilingi 400, kuna mwaka 700. Kilo moja kavu, sio mbichi, wasije wakadhani.

Mwanangu wa kike kasoma, kasema mwani hafungi. Nikimwuliza afanya nini, asema "nimekaa tu." Sasa huyo ndie asiye na kazi, na mie mwenye mgongo huu ndie mwenye kazi? Akinioa mtu kwa mahari ya utafiti huo mie sitaki.

#7 Mdadisi_Zamani
Bi Taitai kagusa penyewe. Nimewahi kufanya kazi ya udadisi kwenye tafiti za kaya, sitaji upi. Swali linakuja hivi: katika siku 7 zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja? Saa moja tu inatosha kukutoa kwenye hesabu ya wasio na kazi.

Nilimkuta mama mmoja Micheweni, kakaa chini ya banda la makuti anavunja kokoto. Nyundo mkononi, mpira wa baiskeli umezungushiwa jiwe lisiruke. Namwuliza, mama unafanya kazi? Ananiambia "mwanangu, sina kazi, nipo tu." Rundo la kokoto liko mbele yake, gari inakuja kupakia kesho! Kwetu sisi neno "kazi" ni ofisi, ni jina kwenye karatasi ya mshahara. Jengine lote ni "kujishughulisha", "kuhangaika", "kutafuta riziki". Mdadisi mvivu ataandika jibu la kwanza aende zake. Mdadisi mzuri atauliza mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo ndani ya namba hiyo mna na hulka ya lugha yetu.

Halafu kuna tafsiri mbili. Ya kimataifa: huna kazi, uko tayari, na unatafuta. Ya kitaifa inamwingiza na aliyekata tamaa akaacha kutafuta, na yule ambaye kazi ya leo anayo lakini ya kesho haijui. Kabla ya kulinganisha, tazameni namba imetumia ipi. Humu watu wanachukua moja ya huku na nyengine ya kule halafu wanapigana.

#8 Mkaazi_wa_Gando
Ahsante Maalim, ahsante Mdadisi. Ila Maalim, hoja ya Dar inaeleza kwa nini tuko juu. Haielezi kwa nini tumepanda kutoka 14 hadi karibu 20 katika miaka 6.

#9 Maalim_Hesabu
Korona. Wageni 2019 walikuwa 538,264, mwaka 2020 wakawa 260,644. Nusu imeondoka. Utafiti umekuja watu wakiwa wamerudishwa majumbani. Ni sawa na kumpima mtu uzito akiwa katoka homa.

#10 Ngarawa_Mbovu
Mimi wa Kojani, Pemba. Hizo hesabu zenu za hoteli hazituhusu. Sisi kazi yetu ni dago, kambi za uvuvi za ugenini. Tunapakia vyombo, tunakwenda Tanga, tunakwenda mpaka upande wa Kenya, miezi mitatu minne. Huyo mdadisi akija Kojani msimu wa dago atakuta wanawake, watoto na wazee. Atatuandika wapi sisi? Tanga tunahesabiwa kuwa tuna kazi au Kojani hatupo?

Na hao dagaa wanaokwenda Kongo, nendeni Kama, nendeni Fungurefu, mtaona wanawake wangapi wanachemsha na kuanika. Hapo mtu halali. Kazi zipo. Harufu ndio hamuitaki.

#11 Mtoto_wa_Ngambo
@Ngarawa kwa hiyo mimi nimesoma miaka 16 nikaanike dagaa?

#12 Ngarawa_Mbovu
Mimi nimesoma 4 na nna nyumba ya bati. Endelea kuandika barua ya 15.

#13 Papasi_Mstaafu
😂😂 chombo kimezama na abiria wake

#14 Kijana_wa_Bara
Hodi wenyeji. Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Paje mwaka wa nne, mapokezi. Naomba niseme bila kuvunjiwa heshima. Nilikuja na begi moja, nikaanza kufua vyombo jikoni, usiku nalala chumba cha watu sita. Mwenyeji aliyeajiriwa siku moja na mimi aliacha wiki ya tatu, alisema hawezi kurudi Bububu saa sita za usiku kila siku na pale daladala hakuna. Simlaumu. Lakini mwajiri aliona nini? Aliona anayelala palepale hachelewi. Tangu hapo kila nafasi ikitoka anatuuliza sisi kama tuna ndugu.

#15 Bi_Taitai
Kijana karibu, wala hujakosea adabu. Ila na wewe sema yote. Binti wa jirani yangu alipelekwa hoteli moja, kazi nzuri tu ya vyumba. Akaambiwa avue mtandio. Akauliza, kwani shuka zinatandikwa kwa kichwa? Akarudi nyumbani. Na mwengine akawekwa baa, babake akenda kumtoa mwenyewe. Haya si uvivu, ni mambo mtu ameyalelewa. Kuna hoteli hapahapa pwani zinawaacha mabinti na mitandio yao na wageni hawajapungua hata mmoja.

#16 Mzee_Kisiwandui
Wanangu, nawasoma tu. Nitasema la zamani kidogo.

Elimu ilitangazwa bure Septemba 23, 1964. Wakati wetu ukimaliza shule serikali inakungoja mlangoni. Mwalimu, karani, bandari, mambo yalikuwa hayo. Karibu nusu ya watu wako Pemba, karafuu zinaleta pesa, serikali inaajiri. Watoto wetu tukawalea kwa hadithi ileile, soma upate kazi serikalini. Hadithi haijabadilika, mlango ndio umefungwa. Ndio maana foleni imekuwa ndefu. Mkulima wa Sumbawanga hakuambiwa hadithi hii, kwa hiyo hayuko kwenye foleni.

#17 Maalim_Hesabu
Mzee wangu, heshima yako, ila Pemba siku hizi si nusu. Ni 543,441, yaani kama asilimia 29. Unguja 1,346,332.

Na hapo kuna kitu nimekiona sasa hivi naandika. Mjini Magharibi mwaka 2012 ilikuwa 593,678, mwaka 2022 ni 893,169. Imeongezeka watu 299,491 katika miaka 10. Ahadi ya uchaguzi wa 2020 ilikuwa ajira 300,000 kwa miaka 5. Namba zimekaribiana utadhani mtu mmoja aliziandika.

#18 Papasi_Mstaafu
Sasa uzi umeanza utamu. Nasogeza kigoda na kahawa.

#19 Mtoto_wa_Ngambo
Ajira 300,000 hizo zinahesabiwaje? Shemeji yangu kafanya kibarua cha barabara miezi minne, kaandikwa. Akamaliza, akaenda kwenye ujenzi wa soko, akaandikwa tena? Basi huyo ni ajira mbili na sasa hivi yuko kwangu anakula wali.

#20 Msimamizi
Wajumbe, siasa za vyama zina jukwaa lake. Hapa tubaki kwenye ajira.

#21 Mtoto_wa_Ngambo
Msimamizi, mimi nimezungumzia shemeji na wali.

#22 Mdadisi_Zamani
Bila siasa: swali lake ni la kitaalamu kabisa. "Ajira zilizozalishwa" na "watu wenye ajira" ni vitu viwili. Ya kwanza unahesabu milango iliyofunguliwa, ya pili unahesabu waliomo ndani siku ile. Mtu mmoja aweza kupita milango mitatu kwa mwaka. Pwani ndio zaidi, masika hoteli zinapunguza watu mwezi wa nne na wa tano, mwezi wa sita wanaitwa upya. Ni watu walewale.

#23 Chake_Daima
Mbona mnazungumza Paje na Nungwi tu? Pemba hoteli za maana unazihesabu kwa vidole, chache ziko Makangale huko mwisho wa dunia. Eneo huru la uchumi la Micheweni tumelisikia tangu 1992, limetangazwa pamoja na Fumba ya Unguja. Fumba leo kuna maghorofa. Micheweni kuna hao kina mama na kokoto zao aliowasema Mdadisi. Ndio maana vijana wanashuka meli ya Mkoani asubuhi, adhuhuri wako Malindi, jioni wako chumba cha kupanga Chumbuni watu wanne. Hao wote wameingia kwenye zile 299,491 za Maalim. Ukosefu wa ajira wa Pemba unahesabiwa Unguja! Sisi tunawauzia na takwimu.

#24 Maalim_Hesabu
Hilo la Chake ni zito na linaweza kuwa kweli. Mtu wa shamba akibaki kwao huitwa mkulima. Siku anapanda meli kwenda mjini kutafuta, ndipo anageuka kuwa asiye na ajira. Hajabadilika yeye, amebadilika mahali. Lakini na wanaozaliwa mjini ni wengi, na mji umetanuka hadi Kisauni na Fuoni, tusiwatwike Wapemba kila kitu.

#25 Ngarawa_Mbovu
Tushazoea kutwikwa.

#26 Mzee_Kisiwandui
Ahsante kwa sahihisho la Pemba, mwanangu. Umri. Ila na karafuu mzitie kwenye hesabu. Karafuu haizai kila mwaka sawa. Ukifika mwaka wa neema, Pemba nzima ina kazi, mpaka mwalimu anaomba ruhusa akachume. Watoto wanachambua, wazee wanaanika, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakwenda kiwandani Wawi. Mwaka unaofuata mikarafuu imepumzika na watu wamepumzika nayo. Ukiuliza mwaka wa neema utapata jibu jengine kabisa. Tafiti zenyewe zinakuja kila baada ya miaka 6 au 8.

#27 Kijana_wa_Bara
Mzee samahani, kuchuma karafuu mtu analipwaje?

#28 Mzee_Kisiwandui
Kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, mwanangu. Unapanda, unachuma, unashuka unapimiwa. Kupanda ndio mtihani. Mkarafuu una matawi ya hila, yanakatika bila kuaga.

#29 Papasi_Mstaafu
Tofauti na mapokezi, kule unaagwa na mgeni anakuachia na bahashishi.

#30 Dada_wa_Fumba
Nimechelewa, nimesoma kurasa zote. Mie ni mhandisi, niko kwenye ujenzi. Mafundi wa vigae na wa dari wengi ninaowaona kwenye eneo langu wanatoka Bara, kwa sababu kule wamepita mikononi mwa fundi mkuu miaka mitatu. Wa kwetu wanakuja na cheti, ukimpa kigae akikate kona anakitazama. Lakini na mie nina dhambi. Kandarasi ni ya miezi kumi, nani ana muda wa kumfundisha mtu? Tunachukua aliyeiva. Kila mkandarasi akifanya kama mie, huyu wa kwetu ataiva kwenye jiko gani?

Na jengine, humu hamkulisema ila Bi Taitai peke yake kalikaribia. Wanawake wako juu zaidi ya wanaume kwenye ukosefu wa ajira, Zanzibar na Bara. Uzi una majibu 28, wanaume mnajadili bao na vilemba.

#31 Mkaazi_wa_Gando
Dada, bao nimelitaja mimi, nakubali kosa. Mdogo wangu mwenye digrii ni mwanamke, kwa taarifa yako. Na ananifunga.

#32 Mtoto_wa_Ngambo
Hakuna aliyegusa ajira za Muungano. Tuna asilimia 21 yetu kwenye taasisi za Muungano. Zijazwe zote tuone kama 19.7 itabaki.

#33 Maalim_Hesabu
Itabaki. Haki ni haki na idaiwe, lakini taasisi hizo haziajiri watu wengi kiasi hicho. Piga hesabu: ukiwa na wasaka kazi maelfu kwa maelfu, nafasi za mamia hazitikisi hata nukta moja.

#34 Mtoto_wa_Ngambo
Haitikisi nukta yako. Yangu ingetikisika.

#35 Chake_Daima
👆 hapo Maalim kapigwa.

#36 Oman_Kwa_Muda
Niko Muscat miaka 6. Mnasahau na sisi. Kila mwezi natuma pesa, na vijana wawili nyumbani hawakubali kibarua chini ya elfu 20 kwa siku kwa sababu chakula kipo. Nikikaa kimya miezi miwili mtashangaa ajira zinapatikana ghafla. Nasema kwa uchungu, ni wadogo zangu.

#37 Bi_Taitai
Usiache kutuma mwanangu. Ukiacha wewe watakaolala njaa ni mama zao, wao watakwenda kula kwa jirani.

#38 Mdadisi_Zamani
Hilo la Oman lipo, lakini tusilifanye ndio jibu. Kijana wa Ukonga kule Dar naye ana mjomba wa kumtumia. Na mtu akikataa kibarua cha elfu 8 wakati nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana ni elfu 5, huyo si mvivu, anajua kutoa.

Kuhusu korona ya Maalim #9, sikubaliani moja kwa moja. Wageni wamerudi na wamezidi wa 2019. Kama sababu ni korona, majirani zangu wa Kwahani wangekuwa kazini leo. Ngojeni utafiti ujao.

#39 Maalim_Hesabu
Majirani zako si sampuli.

#40 Mdadisi_Zamani
Na wewe Dar ya 2014 unaitumia hadi lini?

#41 Papasi_Mstaafu
Wazee, taratibu, presha. Kahawa imeisha, nani anakwenda kuagiza? Kazi hiyo hapo, imepatikana moja.

#42 Mkaazi_wa_Gando
Nimeuliza swali moja, nimeondoka na majibu kumi yanayogombana. Ahsanteni. Mdogo wangu kasoma uzi wote na kasema anataka kujifunza vigae. Dada_wa_Fumba, unasemaje? Anaweza kulala kwa shangazi yetu Fuoni.

#43 Dada_wa_Fumba
Aje na viatu vilivyofunika vidole. Siahidi mshahara mwezi wa kwanza, nauli na chakula nitampa.

#44 Mtoto_wa_Ngambo
Mnaona? KUJUANA! Nimesema tangu #3.

#45 Ngarawa_Mbovu
Mwenye kutaka kuchuma, Mtambile kwa mjomba wangu karafuu zimeanza kukomaa, wanatakiwa watu wanane. Wawe wepesi. Mtoto wa Ng'ambo, una kilo ngapi?

#46 Mtoto_wa_Ngambo
92. Kwa nini?